Benchi la Dunmore

Mchungaji Isom, wazee wa kanisa, mama yangu mpenzi Vernelle, ndugu wa ukoo wa Strother na wa ukoo wa Gaines, majirani wa Mtaa wa Cotter, Kocha Burdette pamoja na vijana wote wa timu ya Chuo cha Pettaway mliokaa upande wa kushoto na makoti yenu mekundu, mimi ni Rosalind, mtoto wa kwanza wa marehemu. Mnaijua desturi ya kanisa letu la Mount Nebo, kwamba historia ya marehemu husomwa kimya, kila mtu na karatasi yake, Dada Odell akipiga kinanda polepole, na baada ya dakika chache tunaingia kwenye wimbo. Leo mama ameomba isomwe kwa sauti, hakunieleza sababu na mimi sikumwuliza kwa kuwa naijua, na niwaambie mapema kwamba karatasi niliyoshika siyo ile mliyopewa mlangoni. Ile ni nzuri, ina picha. Hii ndiyo ya kweli.

Baba yetu, Cleophus Strother, aliyeitwa Cleve na waliomzidi umri, na Mzee Benchi na kila aliyewahi kuvaa jezi ya Pettaway, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa hapa Larkin Springs, Georgia, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Amos Strother, mpasua mbao, na Bi Idella Strother, mfuaji wa nguo za watu. Alikuwa mtoto mwoga, nalisema hili kwa heshima zote, aliogopa radi, aliogopa mbwa wa jirani, na alipobatizwa katika birika la ubatizo la kanisa hili mwezi Agosti mwaka 1968 alimng'ang'ania mchungaji wa wakati ule mpaka wote wawili wakazama, na bibi yangu alipenda kusema kwamba siku ile mchungaji alibatizwa mara ya pili bila kuomba. Naona mnacheka, chekeni, baba mwenyewe alikuwa anacheka. Kutokana na woga huo alijifunza kukimbia, na kutokana na kukimbia alijipatia kila kitu alichopata duniani, pamoja na kilichokuja kumwua.

Alisoma shule ya msingi ya watoto weusi hapa mjini, kisha shule za weusi na weupe zilipochanganywa mwaka 1970 akahamia ile ya wilaya, na huko ndiko alikoanza mpira wetu huu wa yai, unaoubeba kifuani huku watu kumi na mmoja wenye kofia ngumu wakitafuta kukulaza chini. Mwalimu wake alimwuliza anawezaje kupenya pale ambapo hakuna nafasi, naye akajibu, "Mwalimu, mimi sipenyi, mimi nawakimbia tu." Alimaliza masomo ya sekondari tarehe 30 Mei 1975, na mwezi Agosti mwaka huo akaingia Chuo cha Pettaway, kilomita tatu kutoka nyumbani kwao, akiwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka geti lile bila fagio mkononi.

Sasa nifike kwenye Ukuta, maana hakuna mtu aliyekuja hapa leo asiyeujua, ila kuna ndugu zetu wametoka Chicago. Katika chumba cha kubadilishia nguo cha Pettaway kuna ukuta wenye majina ya wachezaji, siyo waliocheza vizuri miaka mingi, la, ni wale ambao siku moja tu walifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa, yupo Hosea Rudd wa mwaka 1951 aliyezuia kwa kifua mipira mitatu iliyopigwa teke katika mchezo mmoja, yupo Lemuel Fant wa mwaka 1966 aliyerusha mpira kipindi kizima kidole chake kilichovunjika kikiwa kimefungwa kwa kijiti cha aiskrimu, na yupo Cleophus Strother wa tarehe 21 Oktoba 1978. Desturi ni kwamba kila Ijumaa ya mkesha wa Jumamosi ya Kurudi Nyumbani, siku wahitimu wa zamani wanaporudi chuoni kutazama mchezo, kila aliye hai kati ya hao husimama mbele ya vijana na kuusimulia mchezo wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna kusoma, hakuna kuruka. Leo ni hiyo Ijumaa. Baba alikuwa asimulie leo saa kumi jioni, kwa hiyo nitasimulia mimi kwa niaba yake, na kwa kuwa nimesikia simulizi hii tangu nikiwa tumboni sitahitaji karatasi.

Pettaway ilikuwa nyumbani, wapinzani ni Dunmore, tumeshafungwa kumi na saba kwa sifuri, na katika robo ya pili baba akapokea mpira akakata kulia, akakutana na Ezell Tarver wa Dunmore, jitu la kilo mia na ishirini, likamkamata mguu kwenye yadi ya thelathini huku mwenzake akija kwa juu, kofia ya baba ikaruka mpaka nje ya mstari. Akalala. Akainuka. Tangu hapo, jamani, hakuna aliyemshika tena, alikimbia kama mtu asiye na mwili, mvua ikaanza robo ya nne na bado hakuteleza, yadi mia tatu na kumi na moja, mara tano akavuka mstari wa mwisho, tukashinda. Na wakati wa mapumziko, timu ikielekea ndani, yeye peke yake akatembea taratibu mpaka upande wa pili, akaketi kwenye benchi la Dunmore, akachukua maji yao, akanywa, akawatazama mmoja mmoja.

"Alikaa wapi?" Ndiyo, vijana, najua mnavyojibu, na nimewasikia mmeanza kujibu hata humu kanisani. "Alikaa kwao!" Miaka arobaini na sita mmejibu hivyo. Imechapwa kwenye fulana, imepakwa rangi kwenye tangi la maji la chuo, na mwanamume wa Larkin Springs akitaka kumtambia mwenzake dukani humwambia, "Nitakuja kukaa kwako." Hakuna kejeli kubwa kuliko ile katika historia ya chuo hiki, kumfuata adui, ukakaa kwenye kiti chake, ukanywa maji yake.

Baba hakuwa anamkejeli mtu. Baba hakujua alipo.

Kaeni, tafadhali, sijamaliza. Mama yangu, aliyekuwa anapuliza klarineti katika bendi, alipita mbele ya benchi lile hatua chache tu akicheza gwaride la mapumziko, akamwona mchumba wake ameketi na wageni, na baba akamtazama usoni akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe, akamwuliza, "Nettie, nani amekufa? Mbona watu wengi hivi?" Mama anasema aliendelea kupuliza kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na kwamba tangu dakika ile hadi leo hajawahi kupuliza klarineti wala kusikiliza ikipulizwa. Jumapili asubuhi baba alikuja kwao, akasimama barazani kwa adabu na kofia mkononi, akasema, "Vernelle, naomba usinicheke. Jana tulicheza?"

Hakukumbuka kitu, si yadi moja, si mvua, si benchi. Kila mtu mjini alikuwa na ile siku isipokuwa yeye. Na jina lilishapakwa ukutani, na Ijumaa ya mwaka uliofuata ilikuwa inakuja.

Alihitimu mwezi Mei 1979, akajaribiwa na timu moja ya kulipwa iliyomrudisha nyumbani baada ya wiki mbili, na tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo akaajiriwa kugawa barua, kazi aliyoifanya kwa mguu na baadaye kwa gari kwa miaka thelathini na mitatu. Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Vernelle Gaines mbele ya madhabahu haya, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 2 Februari 1982, na mdogo wangu Amos aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 1985, ambaye yuko jeshini Texas na ameketi pale akinikodolea macho kwa kuwa haya ninayoyasema hakuyajua mpaka jana.

Mimi niliyajua kwa sababu nilikuwa nakaa chini ya meza. Kila mwezi Oktoba, jikoni kwetu, mama akikaanga kambare, baba alikuwa anasimama kando ya friji akijifunza mchezo wake kama mtoto anayejifunza ubeti wa Pasaka. Mama alikuwa ameukusanya kwa watu, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, bila kuwaeleza kwa nini anauliza. "Yadi ya thelathini, Cleve, si ya arobaini." "Thelathini. Halafu mvua." "Mvua bado, mpenzi. Mvua ni robo ya nne." Na baba alikuwa anatokwa jasho, jikoni kwake mwenyewe, mbele ya mke wake. Siku yenyewe ikifika alitapika kabla ya kuvaa tai, kila mwaka, nilimsikia mlangoni, na akirudi jioni alikuwa anakaa garini muda mrefu kabla ya kuingia ndani. Nilimwuliza nikiwa mkubwa kwa nini asiwaambie tu ukweli. Akasema, "Mwanangu, watu hawa wamefurahi kwa siku ile kuliko kwa kitu kingine chochote nilichowahi kufanya. Nikiwaambia sikuwepo, nitakuwa nimewaibia." Halafu akaniambia kitu kingine, taratibu, kwamba anaogopa asubuhi moja ataamka na kila siku itakuwa kama siku ile.

Ikawa hivyo. Mwaka 2009 alianza kuacha barua za watu katika nyumba zisizo zao, na ninyi majirani wa Mtaa wa Cotter, wa Ridge na wa Old Mill, mlibadilishana barua wenyewe jioni kwa jioni, mkivuka barabara na bahasha za watu, miaka mitatu nzima, hakuna hata mmoja aliyepiga simu kumshtaki, mpaka akastaafu kwa heshima tarehe 31 Desemba 2012. Mwaka 2016 daktari alituonyesha picha za ubongo wake na kututajia ugonjwa, akatuuliza kama baba aliwahi kupigwa kichwa, na mama akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Alisahau kwanza njia, kisha majina, kisha kijiko ni cha nini. Hakusahau mchezo. Ule alioukariri jikoni ulibaki kichwani mzima, mpaka mwaka jana alipanda jukwaani akausimulia bila kukosea neno, mkampigia makofi, kisha akanigeukia akaniuliza mimi ni nani.

Sasa namfikia mwanangu Quincy, aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 2004, ambaye wengi mnamwona pale mbele akiwa amekaa karibu na bibi yake, kijana mwenye mwendo wa babu yake na ambaye uwanjani huvaa jezi ya Pettaway yenye namba ya babu yake. Mnajua alichofanya Jumamosi ya tarehe 5 mwezi huu dhidi ya Dunmore, yadi mia tatu na ishirini na nne, rekodi ya miaka arobaini na sita imevunjwa na damu ileile. Na mnajua kwamba katika robo ya tatu, timu ikiwa imepewa mapumziko ya maji, Quincy aliondoka akaenda kuketi kwenye benchi la Dunmore. Uwanja mzima uliinuka. Watu walilia kwa furaha, mtangazaji alikosa sauti, na mimi pia, niliyekaa chini ya meza ile jikoni, niliyeyajua yote, nilipiga kelele kwa dakika nzima kwa kuwa nilifikiri anamuenzi mzee.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Tangu mwezi Julai hakuwa amesema sentensi iliyokamilika. Alishika mikono ya kiti akasimama peke yake, jambo ambalo mwuguzi alishatuambia haliwezekani tena, akanyoosha kidole na kusema, "Mtoeni. Mtoeni huyo mtoto, hajui alipo." Mama alimwuliza, "Cleve, mtoto gani?" Akasema, "Mimi." Kisha akaketi. Hakusema tena. Nimonia ilimwingia Jumatatu, tukampeleka hospitali ya wilaya, na tarehe 10 Oktoba 2024, siku ya Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, alituacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Mnasema, "Sema, dada." Nasema, lakini naogopa, sikuwahi kuogopa hivi maishani, hata nilipomzaa mwanangu. Nilimwuliza Quincy siku ileile ya mchezo, akasema, "Mama, nilikuwa namuenzi babu, kila mtu amesema." Nikasema, sawa, kila mtu amesema, wewe unasemaje? Akanicheka. Madaktari wa timu walimpima na alijibu maswali yao yote, anamjua rais, anaujua mwezi, Kocha Burdette, sikulaumu, karatasi zako ziko sawa. Kesho ndiyo Jumamosi ya Kurudi Nyumbani na jina lake ni la kwanza katika kikosi. Na leo saa kumi, kwa kuwa jina lake linapakwa Ukutani, ni zamu yake kusimulia.

Kwa hiyo leo asubuhi, nikimfunga tai, nilimwambia, "Haya, nisimulie mimi kwanza." Akasimulia. Alisimulia vizuri, kifua mbele, bila kusita. Akaniambia tulikuwa tumefungwa kumi na saba. Akaniambia Ezell Tarver alimkamata mguu kwenye yadi ya thelathini. Akaniambia mvua ilianza robo ya nne.

Bwana Tarver yuko hapa. Amesafiri kutoka Macon kuja kumzika baba, yule pale kiti cha nyuma, mwenye fimbo. Ana miaka sitini na nane. Na tarehe 5 jua lilikuwa kali mpaka tulinunua kofia.

Nyamazeni kidogo. Quincy, usiangalie chini, hujafanya kosa lolote, mwanangu. Wewe ni mtu mzima wa miaka ishirini na siwezi kukufungia ndani, na Kocha nimemwambia, na chuo nimekiandikia, na wote wamenijibu kwa upole kama mtu anavyomjibu mfiwa. Kwa hiyo nawaambia ninyi wengine, mnaomshangilia. Ninyi mtajaza uwanja kesho. Mchezaji haingii uwanjani kwa karatasi ya daktari, anaingia kwa kelele zenu, baba yangu aliinuka kutoka chini tarehe 21 Oktoba 1978 kwa sababu watu elfu nne walikuwa wanaita jina lake, na hakulijua hata jina lenyewe, aliifuata sauti tu. Msimwite mwanangu. Akitokea kwenye mlango ule kesho, nawaomba, nyamazeni. Uwanja mzima. Na ninyi vijana sita wa timu mlioombwa kubeba jeneza, mkitoka hapa na mzigo huo mabegani, kila mmoja ajiulize yeye mwenyewe anakumbuka nini cha Jumamosi iliyopita.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Abernathy na wauguzi wa wodi ya tatu waliomwita baba kwa jina lake mpaka mwisho, nawashukuru majirani kwa kambare, kwa makaroni, kwa keki na kwa barua, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa posta waliosimama na sare zao, namshukuru Bwana Tarver, ambaye jana alimshika mama mikono akamwambia kwamba miaka yote hii amekuwa akiota macho ya baba pale benchini na hakuwahi kuona kejeli ndani yake. Namshukuru Kocha Burdette, ambaye tangu nilipotaja mvua amevua koti lake jekundu, amelikunja, amelilaza mapajani, na sijui maana yake, Kocha, lakini nimeona.

Baba, pumzika kwa amani, mchezo wako umesimuliwa, hakuna atakayekuuliza tena.

Mama, naona umemshika Quincy mkono. Usimwachie.